Faili la Mfano

Tarehe 9 Januari

Mzee wangu Mwandiko,

Shikamoo. Nimefika salama ofisini kwetu, na jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba nikifika mlangoni nasimama, nangoja mtu aje na ufunguo. Wenzangu wananicheka. Wiki tatu tu nimekaa kwenye ofisi ya kumbukumbu ya gereza, tena kila jioni nikirudi hotelini kulala, nimetoka na tabia za mfungwa. Wewe wa miaka mitatu sijui utatembeaje.

Bwana Afisa wa Kumbukumbu ameniruhusu nikuandikie maswali moja kwa moja, maana kila nililomuuliza yeye alikuwa anageuka kukuuliza wewe. Anasema daftari la wafungwa umeliandika wewe tangu walipoona mwandiko wako unasomeka kuliko wa karani. Sharti lake ni moja: kila barua, ya kwenda na ya kurudi, ataisoma yeye kwanza. Kwa hiyo, Bwana Afisa, shikamoo na wewe.

Siku ya mwisho uliniuliza kwa nini naandika hati tatu za kitu kimoja, hii mashine itakayochukua kazi ya daftari lako, nikakujibu juu juu kwa sababu gari lilikuwa linapiga honi. Acha nikujibu vizuri. Ya kwanza inasema gereza linataka nini na kwa nini: watu watoke siku yao, si kabla, si baada. Hiyo ni ya wakubwa. Ina kurasa sita, nao wanasoma mbili. Ya pili inasema watakaoigusa mashine wanahitaji nini: karani anataka aione tarehe bila kuhesabu vidole, Bwana Afisa anataka orodha ya kutoka ichapwe kila asubuhi saa moja. Ya tatu ndiyo mzigo. Inawaambia vijana wa programu mashine ifanye nini, mstari kwa mstari, kila mstari na namba yake. Lisiloandikwa humo halijengwi, hata kama kila mtu alikuwa analijua. Asiyekuwepo na lake halipo. Hiyo ndiyo kazi yangu kwa ufupi.

Sasa nina ombi. Vijana wa programu hawaelewi maneno matupu, wanataka mfano wa mtu. Nimepekua mafaili yenu yote na hakuna linalofaa kama lako. Lina miezi ya mahabusu kabla ya hukumu, kuhamishwa mara mbili na msamaha wa theluthi ya kifungo. Nikilifanya faili la mfano nimeokoa kazi ya wiki nzima. Jina sitaliandika, nitatumia namba yako tu. Unakubali?

Binti yako,
Mchambuzi


Tarehe 16 Januari

Binti yangu Mchambuzi,

Marahaba. Nimekubali. Miaka hamsini na sita nimeishi duniani bila kuwa mfano wa kitu chochote chema, mama watoto atakwambia, na leo nimekuwa mfano wa serikali nzima. Wenzangu humu nimewaambia wanisimamie nikipita.

Hati ya tatu uliyotuachia ofisini nimeisoma yote, kurasa mia na kumi na mbili. Bwana Afisa aliishia wa tisa akasema macho yanamuuma. Mna makosa manne. Kubwa liko ukurasa wa arobaini na moja: mmesahau kwamba kuna miaka Februari inakuwa na siku ishirini na tisa. Kwa hesabu yenu kuna watu watalala humu siku moja ya bure, na siku moja ya humu si kama siku moja ya huko. Mengine ni madogo madogo, nimeyawekea alama.

Kisha kuna jambo la ufundi wangu. Wakati nachora mabango, kinyozi mmoja aliniomba bango la majaribio aone rangi. Pale pa jina nikaandika JINA LAKO HAPA. Yule bwana akalipenda, akalitundika hivyo hivyo, akakataa nisiliguse. Miaka miwili mtaa mzima ulimwita Bwana Jina Lako Hapa, na watoto wake nao wakaitwa hivyo shuleni. Mfano ukiuacha ovyo, watu wanaufanya kitu halisi. Na mimi niliyefungwa kwa kuchonga muhuri wa ofisi ya watu, kama kuna anayejua hasara ya vitu vya kuiga ni mimi.

Sasa ninyi mtaweka mfungwa wa kuchezea ndani ya mashine, mumtoe na kumrudisha mara ishirini kwa siku. Je, mashine ikianza kazi ya kweli, orodha ikachapwa na namba yake, na askari wa getini akafungua? Ongezeni mstari. Faili la mfano lisitokee kamwe kwenye orodha ya kutoka, kwa amri ya mtu yeyote. Nimeuandika kwa wino pembeni ya ukurasa usije ukakupotea.

Tarehe yangu ni 14 Machi. Mke wangu ameshaambiwa, na anasema atakuja na viatu vyangu vyeusi. Mashine mnaianzisha tarehe mosi, kwa hiyo nitaiona wiki mbili tu, halafu mtabaki nayo ninyi na Bwana Afisa.

Wako,
Mwandiko


Tarehe 24 Februari

Mzee wangu,

Shikamoo. Sahihi tano zimepatikana! Nakuandikia kabla sijamwambia hata mama yangu.

Hujui tulivyohangaika. Kanuni ya hawa wakubwa ni kwamba hati inawazungukia wote watano, na yeyote akiongeza hata mstari mmoja, sahihi zilizotangulia zinakufa na tunaanza upya. Imezunguka mara nne. Mara ya pili mkuu wa stoo aliingiza mablanketi. Mara ya tatu mwanasheria alitaka neno “mtu” liwe “mhusika” kila mahali, kurasa zote, na yeye ndiye alikuwa wa tano, kwa hiyo wanne wakaanza upya kwa ajili ya neno moja. Nilikuwa nachukua hati mikononi kama mtu aliyebeba mayai, naomba tu asitokee mwenye wazo.

Mstari wako umepewa namba themanini na nane. Bosi wangu aliusoma kwa sauti kikaoni, akasema huu umeandikwa na mtu mwenye akili. Nikasema umetoka kwa mtumiaji. Sikusema mtumiaji amevaa nini.

Makarani wa kuingiza mafaili watafika kwenu kesho kutwa. Wana siku tatu za kuingiza mafaili mia nne na kumi na mawili, wasamehe wakiwa wakali. Faili la mfano nimewaambia vijana waliache humo humo, askari wapate la kujifunzia. Kwa mstari wako halina madhara.

Nimepandishwa cheo, naitwa Mchambuzi Mkuu. Meza ni ile ile na kiti bado kimevunjika mgongo. Ukitoka, pita ofisini unione, nitakutambulisha kwa kila mtu.

Binti yako,
Mchambuzi (Mkuu, usicheke)


Tarehe 15 Machi

Binti yangu,

Jana sikuitwa.

Nilikunja blanketi tangu alfajiri. Ndoo yangu nilimpa jirani yangu wa kitanda cha chini, sabuni nikampa mwingine, kila mtu nikamuaga. Saa moja mashine ikachapa orodha, watu kumi na tisa. Nilisimama nikasikiliza mpaka wa mwisho, nikadhani wameruka ukurasa. Nikamwendea Bwana Afisa. Akaigeuza karatasi mbele na nyuma, akasema mashine haijanitaja. Nikamwambia kwenye daftari tarehe yangu ni leo, nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe na hakimu alitia sahihi. Akasema daftari limefungwa tangu tarehe mosi, na amri ya makao makuu ni kwamba geti halimfungulii mtu asiye kwenye orodha.

Mke wangu alikaa nje ya geti tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Askari walimwambia tu kwamba simo. Hakuna aliyeweza kumweleza kwa nini, maana hakuna anayejua.

Ndoo nimerudishiwa. Sabuni hapana.

Sitaki kukusumbua, najua una kazi. Niambie tu kama ni kuchelewa kwa siku mbili tatu, ili nimtumie mama watoto ujumbe asije kila siku juani.

Wako,
Mwandiko


Tarehe 22 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Pole sana kwa usumbufu uliojitokeza.

Mfumo ukiwa mpya huwa kuna marekebisho ya hapa na pale, na mtandao wa huko kwenu nao si wa kutegemea. Suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Naomba uwe na subira. Msalimie mama.

Wako katika kazi,
Mchambuzi Mkuu


Tarehe 30 Machi

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta wewe uko wapi ndani yake. Sikukuona. Kule nyuma ulikuwa unaniandikia habari za kiti kilichovunjika mgongo, leo unaniambia suala limepokelewa.

Kwa hiyo nimejitafutia mwenyewe. Hati ya tatu bado iko juu ya kabati hapa ofisini, nami ndiye ninayefuta vumbi. Nimekaa nayo siku nne. Jana nikamwomba karani aandike namba yangu kwenye mashine nione inasemaje. Ikatokea juu kabisa, kwa herufi nyekundu: FAILI LA MFANO.

Nikamuuliza karani walipokuwa wanaingiza mafaili ilikuwaje. Akasema kila namba waliyoikuta tayari imo ndani waliiruka, ili wasiandike mtu mara mbili. Kwao lilikuwa jambo la busara. Namba yangu waliikuta imo. Wakaliweka faili langu kwenye rundo la yaliyokwisha, wakaenda kula.

Basi mimi mtu simo kwenye mashine. Aliyemo ni mfano, na mfano hatoki kwa amri ya mtu yeyote. Mstari wa themanini na nane nimeusoma kwa sauti peke yangu pale ofisini. Ni maneno yangu, hata nukta hamkuibadilisha. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sikulaumu kwa kosa. Kosa ni letu wawili. Ninachotaka kujua ni kama ulikuwa unajua ulipoandika ile barua ya tarehe ishirini na mbili.

Mke wangu huja kila Ijumaa. Humu ndani siku za mtu haziongezeki bure, huongezwa aliyepigana au aliyekamatwa na kitu, na yeye analijua hilo. Ijumaa iliyopita aliniuliza kupitia wavu nimefanya nini tena. Nikamwambia ni mashine, mtandao wake unasumbua. Akaniangalia kama anavyoniangalia nikisema uongo, na anaijua sura hiyo vizuri, kwa sababu ya ule muhuri nilimdanganya miezi minane. Amesema mwisho wa Aprili usipite. Ukipita atafunga nyumba aende kwa kaka yake, na huko mimi siwezi kumfuata. Yule shemeji aliapa mbele ya watu kwamba mlango wake sitaukanyaga.

Wenzangu wananiita Bwana Mfano. Nacheka nao. Lakini naogopa, binti yangu. Miaka mitatu yote sikuogopa, kwa sababu mwisho wake niliujua.

Mwandiko


Tarehe 5 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umenikuta mwanzoni tu.

Nilikuwa najua. Barua yako ya tarehe kumi na tano ilipofika niliifungua mashine papo hapo, na dakika kumi hazikupita nikaona. Nilikwenda chooni nikakaa huko. Kisha nikaenda kwa bosi. Alifunga mlango, akasema mtu mmoja kati ya mia nne ni matokeo mazuri, na kosa lisiloandikiwa barua halipo. Akanielekeza nikujibu nini. Yale maneno ni yake, lakini mkono ulikuwa wangu. Niliogopa cheo, mzee. Cheo cha wiki tatu. Naona aibu hata kuiandika.

Jumamosi nilikwenda kwa mama, mkeo. Nilimkuta anafua, akakausha mikono akanikaribisha bila kujua mimi ni nani. Nilimweleza kila kitu: hati tatu, namba, mstari, makarani. Nilidhani nitamchanganya. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza nani aliandika. Nikasema mimi.

Akasema, “Kama wewe uliandika akabaki, andika tena atoke.”

Jibu lake ni hili ninalokuandikia wewe. Hati iliyokwisha kuwekewa sahihi haiguswi mpaka iandikwe hati nyingine, ya mabadiliko, nayo iwazungukie wale wale watano. Nimeiandika, ina mstari mmoja tu. Mkuu wa gereza yuko tayari kusaini akiwa wa mwisho. Mwanasheria yuko tayari akiwa wa pili. Mkuu wa stoo amehamishwa, na anayekaimu anasema hawezi kubadilisha asichokisaini. Mmoja yuko masomoni ng’ambo. Wa tano anasema mambo ya mfumo yanajadiliwa kwenye kikao, na kikao ni Julai. Nilikwenda mpaka mahakamani nikaulizia. Wakanipa tarehe ya kusikilizwa, mwezi wa nane.

Nilimpigia na Bwana Afisa simu. Najua anasoma hapa, kwa hiyo nasema mbele yake: hakunifokea. Alisema geti linafuata orodha, akakata.

Mama hajasema kama ananiamini. Aliniuliza tu kama kikao cha Julai huwa kinafanyika kweli. Sikuweza kumwapia.

Nisamehe.

Mchambuzi


Tarehe 14 Aprili

Mchambuzi,

Unaniomba msamaha kwa barua itakayosomwa na askari kabla yangu. Mimi nikitaka kukutukana, nalo litasomwa kwanza. Hata hasira yangu inapita mezani kwa mtu.

Nimekasirika, ujue. Nimekasirika kwa zile wiki mbili. Kama ungeniambia tarehe ishirini na mbili kwamba umeona, ningekuwa nimekaa na mtu. Badala yake nilikaa na subira yenu. Nilimwambia mke wangu ni mtandao, kwa sababu wewe uliniambia ni mtandao, na Ijumaa iliyofuata ikabidi nimwambie si mtandao. Sasa mimi ndiye mwenye hadithi mbili.

Julai ni mbali. Mwisho wa Aprili ni siku kumi na sita. Nimeacha kuandika kwenye ofisi ya kumbukumbu, nimeomba nipelekwe shamba kulima. Bwana Afisa amekataa, hakusema kwa nini. Nakaa pale, nachonga penseli.

Huna la kuniandikia kama huna mlango.

Mwandiko


Tarehe 19 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Huenda hii hutaisoma, lakini najua kuna atakayeisoma, na kwa hiyo nimekaa vizuri nikaandika kwa herufi kubwa, isije ikamuumiza mtu macho.

Kwanza, ile barua ya kosa ambayo bosi alisema haipo, nimeiandika. Nimeweka jina langu na namba ya mstari. Cheo kimerudi kilikotoka. Kama nitafukuzwa nitajua Julai, kikao hicho hicho.

Pili, nataka tupige soga za kazi tu, kupoteza muda. Nilikwambia kuna hati tatu. Nilisema hivyo kwa sababu hata mimi ya nne huwa naisahau. Hizo tatu zinasema mashine ifanye nini. Ya nne inasema mashine iweje: iwe na kasi gani, ivumilie joto kiasi gani, nani aruhusiwe kuifungua, na ikianguka watu washike nini. Ina kurasa kumi na mbili. Niliiandika kwa mchana mmoja, na wakubwa wote watano waliisaini bila kufungua jalada la juu, nikiwaangalia. Hakuna katika gereza lote hilo aliyeisoma, hata wewe, kwa sababu sikukuletea. Nimeibandika nyuma ya barua hii.

Kifungu cha sita kinasema hivi, nanukuu: Mfumo ukizimika kwa zaidi ya nusu saa, kwa sababu yoyote ile, Afisa wa Kumbukumbu atafungua daftari na kulitumia, na atakachokiamua kwa daftari kitakuwa halali sawa na orodha.

Sahihi za wote watano ziko chini yake, zile zile.

Sikuambii lolote, mzee. Wewe ni mfungwa, huna ruhusa ya kugusa hata taa. Na kamwe sitamshawishi mtumishi wa serikali, mtu niliyemwona anafuta miwani yake kabla ya kuweka nukta. Nakumbuka tu, katika kupiga soga, kwamba swichi ya ile mashine iko ukutani nyuma ya kabati la kijivu, na kwamba niliwahi kuwalalamikia mafundi kwamba ni rahisi mno kuigusa kwa kiwiko.

Mama nilimwona tena jana. Nyumba imeanza kufungwa. Vyombo viko kwenye maboksi. Alinipa chai kwenye kikombe pekee kilichobaki nje. Akasema yeye hana ugomvi na mashine, ila amechoka kusimama getini akiambiwa mumewe hayumo, huku anamsikia anakohoa upande wa pili wa ukuta.

Ni hayo tu.

Mchambuzi


Tarehe 8 Mei

Kwa Ndugu Mchambuzi,

YAH: KURUDISHWA KWA BARUA

Narudisha barua yako ya tarehe 28 Aprili bila kufunguliwa na mwenyewe. Mhusika hayupo katika gereza hili.

Tarehe 27 Aprili, saa mbili na dakika tano asubuhi, mfumo ulizimika. Sababu ni yoyote ile. Ulikaa umezimika dakika thelathini na nne. Nilizihesabu kwa saa ya mkononi, nikiwa nimekaa kwenye kiti mbele ya kabati la kijivu ili mtu mwingine asije akahangaika kuuwasha. Katika muda huo nilifungua daftari kwa mujibu wa kifungu cha sita. Kwa kuwa mwandishi wa daftari ndiye aliyekuwa anatoka, ilinibidi niandike mwenyewe. Aliusimamia mkono wangu akaniambia herufi mbili hazisomeki, nikazirudia. Nilimsindikiza hadi getini. Alinishika mkono akaukazia, kisha akaondoka kwa haraka kuelekea kituo cha mabasi. Mke wake nasikia alikuwa bado hajahama.

Hapo barua ya kiofisi ingetosha. Lakini nimesoma barua zenu zote tangu Januari, mwanzo hadi mwisho, na zangu hazisomwi na mtu, kwa hiyo nitaendelea.

Hukunukuu kifungu cha saba. Nilikisoma baadaye. Kinasema yaliyoandikwa daftarini yaingizwe kwenye mfumo ndani ya siku moja. Niliingiza. Mashine ikajibu kwamba faili la mfano haliwezi kutolewa. Nikajaribu tena mbele ya karani, ikajibu hivyo hivyo.

Kila jioni kuna hesabu. Vichwa vilivyomo lazima vilingane na vilivyomo kwenye mashine, la sivyo zamu haifungwi na askari hawaendi nyumbani. Jioni ile vichwa vilikuwa mia tatu na tisini na moja. Mashine ilisema mia tatu na tisini na mbili. Askari walinitazama. Nikaandika kwamba mmoja yuko zahanati chini ya uangalizi wangu, nikatia sahihi, wakaenda zao.

Kesho yake ikauliza tena. Huwa inauliza kila jioni saa kumi na mbili kamili. Haichoki.

Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba bila kuandika kichwa ambacho sikukiona. Sasa siwezi kuugua, kwa sababu msaidizi wangu ni mtu mwaminifu na atahesabu anachokiona. Likizo ya Juni nimeifuta. Mdogo wangu wa kike anaozesha mwezi ujao, mbali, safari ya siku moja, nimemwambia sitaweza, akauliza kuna nini, nikasema ni mtandao. Jana daktari wa zahanati aliniuliza kwa upole ni mgonjwa gani huyo asiyeletwa kwake. Mkaguzi wa makao makuu anakuja muda wowote, huwa hatoi taarifa.

Nilipokuwa nasoma barua zenu nilidhani nasoma habari za mtu mwingine.

Hati yako ya mabadiliko, ile ya mstari mmoja, mimi simo kati ya wale watano na siwezi kuisogeza. Wewe ndiye unayejua milango yao. Mfuate aliyehamishwa huko alikohamia, mwandikie aliye ng’ambo, kaa kwenye benchi la yule wa kikao mpaka akuone. Sikuombi kama afisa.

Leo nimeandika yupo kwa mara ya kumi na mbili. Nipe tarehe.

Afisa wa Kumbukumbu